Saa Zetu Ziandikwe: Barua ya Wazi Kutoka Rungwe Kuhusu Ujifunzaji Mseto

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia;
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nchi anayeshughulikia TAMISEMI;
Kwa Maafisa Elimu wa Mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa.

YAH: UJIFUNZAJI MSETO KATIKA SHULE ZA SEKONDARI ZA KATA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Waheshimiwa, shikamooni. Mimi ni mwalimu wa Biolojia katika shule ya kata wilayani Rungwe. Huu ni mwaka wangu wa kumi na saba kazini. Minne ya mwanzo nilifundisha Makete, iliyobaki yote niko hapa, katikati ya migomba na chai. Sijatumwa na mtu wala chama. Nawaandikia kwa sababu ya daftari moja.

Daftari hilo ni la binti wa kidato cha pili. Muhula uliopita tulikuwa kwenye mada ya moyo na mzunguko wa damu. Usiku wa Jumanne nilituma notsi na michoro kwenye grupu la WhatsApp la wazazi, nikaenda kulala nikiamini nimewarahisishia watoto kazi. Alhamisi akaniletea daftari nisahihishe. Kurasa kumi na moja, zote kwa mkono. Kwao kuna simu moja, kitochi cha baba yake, kwa hiyo alikwenda kwa mwenye duka akaomba kuazimwa simu janja. Alipewa kwa sharti la kuchota maji ndoo nne. Akachota, akasimama pale kaunta akanakili mpaka giza likaingia. Mchoro wa moyo aliuchora vizuri sana, na mistari ya kuonyesha sehemu zote ilikuwepo. Lakini upande wa kushoto mistari haikuwa na majina. Kioo cha ile simu kilikuwa kimekata ukurasa, na hakuna aliyemwonyesha kwamba picha husogezwa kwa kidole. Alinakili alichokiona. Chini yake akaandika kwa penseli: "Mwalimu, huku hakuna majina?"

Nimelisoma swali hilo mara nyingi tangu siku ile.

Tunahimizwa kila kikao kwamba somo liwe sehemu darasani na sehemu kwenye mtandao, yaani huo ujifunzaji mseto. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, inataka TEHAMA itumike katika kufundisha na kujifunza, na mimi nakubaliana nayo kwa moyo wangu wote. Msinisome kama mwalimu anayeogopa vifaa vipya. Nimeuona mseto ukifanya kazi kwa macho yangu, na nitaanza na hilo.

Maabara yetu haina mfano wa moyo wa plastiki. Kwa miaka mingi nilifundisha mada hiyo kwa kuchora ubaoni. Kipindi kimoja ni dakika 40, na vipindi viwili vilikuwa vinaishia kwenye chaki, mimi nachora, wao wanachora, kengele inalia. Miaka miwili iliyopita nilipata video fupi ya damu inavyopita kwenye chemba nne za moyo. Niliipakia kwenye kishikwambi changu, mojawapo ya vile vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 kisha walimu tukagawiwa, na vya wenzangu wanne nikaviazima. Wanafunzi wakaitazama kwa makundi mchana baada ya vipindi, kila kundi mara nyingi walivyotaka. Asubuhi yake nikapita buchani Tukuyu nikanunua moyo wa ng'ombe. Hatukuchora tena. Tulipasua. Kijana mmoja akaingiza kidole kwenye mshipa mkuu wa damu, akakitoa kwenye chemba ya kushoto, akapaza sauti, "Kumbe ukuta wa huku ndio mnene, kwa sababu damu inasukumwa mbali!" Jambo hilo nilikuwa nalitamka kila mwaka na wao wanalikariri. Mwaka ule walilishika kwa mikono yao, kwa sababu video ilikuwa imebeba ile kazi ya kuchora na dakika 80 za darasani zikabaki huru.

Kuna faida nyingine ambayo watu wa mijini huenda wasiione upesi. Watoto wetu wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Wakiingia kidato cha kwanza wanakutana na karibu masomo yote kwa Kiingereza. Mwalimu akisema sentensi mara moja imepita, na mtoto anaona aibu kuomba irudiwe mbele ya wenzake sitini. Video husimamishwa, hurudishwa nyuma, neno likatafutwa kwenye kamusi. Nimemwona mwanafunzi akirudia sekunde ishirini zile zile mara sita, midomo ikicheza, mpaka akalipata. Na nina kijana mwenye kigugumizi ambaye kwa mwaka mzima hakuwahi kuninyooshea mkono. Nilipofungua daftari la pamoja la maswali kwenye kishikwambi, swali la kwanza lilikuwa lake, na la tatu, na la nane.

Kwa hiyo sina ugomvi na mseto. Huku kwetu twaujua hata shambani. Mgomba huupa mbuni kivuli, maharage hukaa chini yake, na kila kimoja kina nafasi na majira yake. Anayepanda mgomba ana hesabu ya nafasi na ya muda kabla hajachimba shimo. Hesabu hiyo ndiyo inayokosekana katika mipango tunayoletewa mashuleni.

Mwaka 2010 Idara ya Elimu ya Marekani ilitoa ripoti iliyokusanya tafiti zilizofanywa kati ya mwaka 1996 na 2008 kuhusu kusoma kwa mtandao. Ilionekana kwamba wanafunzi waliochanganya mtandao na darasa walifanya vizuri zaidi kuliko waliokaa darasani pekee. Watu hupenda kuitaja ripoti hiyo na kuishia hapo. Lakini walioiandika walitahadharisha mambo mawili. Kwanza, wengi wa waliochunguzwa walikuwa watu wazima na wanavyuo, watoto wa shule walikuwa wachache. Pili, waliosoma kwa mseto mara nyingi walipewa muda zaidi wa kujifunza na nyenzo zaidi, kwa hiyo haikuwezekana kusema kwamba kilichowainua ni mtandao wenyewe. Muda zaidi. Mimi mwalimu wa kata naliamini hilo bila kushawishiwa, kwa sababu hata ule moyo wa ng'ombe ulifaulu kwa sababu tulipata saa ya ziada mchana. Swali langu kwenu ni moja: muda huo zaidi unatoka kwa nani?

Kwa sasa unatoka kwa binti anayechota ndoo nne. Unatoka pia kwa mwalimu, na naomba nieleze, maana hili halisemwi kwenye vikao.

Nina mikondo miwili ya kidato cha pili yenye wanafunzi 64 kila mmoja. Nikitoa zoezi kwa simu, wazazi wenye uwezo hupiga picha daftari na kunitumia. Picha nyingine imepinda, nyingine ina kivuli cha mkono, nyingine inabidi uikuze mstari kwa mstari. Tuseme nimetumia dakika tatu kwa mwanafunzi mmoja. Kwa mikondo miwili ni dakika 384, yaani saa sita na dakika ishirini na nne, kwa zoezi moja la somo moja. Saa hizo hazimo kwenye ratiba. Mwalimu wa taaluma akipanga vipindi huhesabu vile vya darasani tu. Andalio la somo la kawaida liko pale pale, zamu iko pale pale, na kazi ya mtandao huongezwa juu yake kama mzigo unaowekwa kwenye baiskeli iliyokwisha kujaa. Ujumbe huingia saa nne usiku, saa tano. Bando ni langu. Nina mwenzangu mmoja, mwalimu hodari wa Hisabati, aliyejitoa kwenye magrupu yote mwaka jana baada ya mkewe kumwambia kwamba watoto wao wanamwona akiwa amekaa nao lakini hayupo. Tulimwona mvivu. Leo najua alikuwa amechoka, na naomba radhi kwa mawazo yangu yale.

Na kwa mzazi, jamani. Januari 2016 Serikali iliondoa ada ya sekondari hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondoa ya kidato cha tano na sita. Huku vijijini hatua hiyo iliwarudisha watoto darasani, nimeishuhudia. Sasa mwalimu anapotuma kazi ambayo haifunguki bila bando na bila simu janja, hiyo ni ada iliyobadilishwa jina. Mama anayepeleka ndizi sokoni Mwanjelwa, Mbeya mjini, alfajiri anaondoka na simu na kurudi nayo jioni, ikiwa imezima chaji. Mtoto wa kiume hutoka usiku akaenda penye mtandao, kule juu kwenye kona ya mashamba ya chai, akakaa na wenzake. Binti haruhusiwi kutoka saa hizo, na wazazi wake wana haki kumzuia. Nikitazama ni nani wanaoleta kazi za mtandao kwa wakati, naona wavulana, halafu naona watoto wa watumishi wanaokaa karibu na barabara kuu. Uwezo wa kichwa hauonekani hapo.

Halafu kuna jambo la simu lenyewe. Shuleni mwanafunzi akikutwa na simu inakamatwa, mzazi anaitwa, na adhabu inatolewa. Shule hiyo hiyo inaweka kazi kwenye WhatsApp. Mtoto aliniuliza, kwa heshima kabisa, "Sasa mwalimu tufuate lipi?" Sikuwa na jibu. Jibu lake haliwezi kutoka kwa mwalimu mmoja, wala kwa mkuu wa shule.

Kuhusu umeme na mvua sitasema mengi. Tukuyu na maeneo yake hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na Machi na Aprili umeme ukikatika asubuhi hatushangai ukirudi kesho. Mpango wowote wa mtandao unaokuja huku bila kufikiria miezi hiyo umeandikwa na mtu asiyewahi kuishi huku.

Waheshimiwa, kinachonipa moyo ni kwamba nchi hii iliwahi kufanya mseto mkubwa kuliko huu, na ikafaulu, kabla hata televisheni haijafika Tanzania Bara. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Redio ilitangaza somo, kijitabu kilichapishwa, na wananchi wakakaa vikundi vikundi kusikiliza, kusoma na kujadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Walioshiriki walikuwa watu wapatao milioni 2. Marehemu baba yangu aliongoza kikundi kimoja. Alikuwa akitusimulia jinsi walivyoanika betri za redio juani zipate nguvu kidogo ya kumalizia kipindi, na jinsi aliyejua kusoma alivyomsomea asiyejua. Zingatieni mambo yaliyokuwapo pale: kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, kijitabu mkononi hata redio ikizima, na siku na saa inayojulikana na kijiji kizima. Hakuna aliyeachwa nyumbani na redio yake ajitegemee.

Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi ilipohitaji walimu wengi kwa haraka, vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu wakiwa kazini: masomo kwa posta, redio, mkufunzi wa kuwatembelea, na wiki za kukaa chuoni pamoja. Na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, ndicho kilichonipa shahada yangu nikiwa naendelea kufundisha. Nilisoma peke yangu usiku, lakini najua kilichonivusha ni zile siku za ana kwa ana Mbeya mjini, tulipokaa wenye shida moja meza moja. Bila siku zile ningeishia njiani.

Na mwaka 2020 tuliuona upande wa pili. Shule zilipofungwa tarehe 17 Machi kwa sababu ya korona, vipindi vya masomo vilirushwa redioni na kwenye televisheni, na nawashukuru walioviandaa. Tulipofungua tarehe 29 Juni niliwauliza wanafunzi wa mkondo mmoja ni nani aliyefuatilia. Mikono tisa. Wengine walikuwa shambani, wengine redio haina betri, wengine walisikiliza siku ya kwanza, wakakwama, na hapakuwa na wa kuwakwamua. Masomo yalikuwapo. Aliyekosekana ni yule kiongozi wa kikundi.

Basi ninachoomba ni hiki. Kazi ya mtandao ihesabiwe kuwa kazi. Mwalimu anayeandaa somo la mseto na kusahihisha kwa njia hiyo apewe vipindi vyake kwenye ratiba rasmi, viwili kwa wiki kwa kuanzia, na vipunguzwe mahali pengine. Penye upungufu wa walimu hadi hilo lisiwezekane, basi mseto usubiri. Ni heri tungoje kuliko kuufanya kwa usingizi wa watu. Hili ndilo ombi langu kuu, na kama mtalipokea hili peke yake nitawashukuru.

Mengine yanatokana na hilo. Kitu chochote ambacho shule inamlazimisha mwanafunzi akione, kionekane shuleni bila senti yake. Hili halihitaji fedha za kutisha. Ipo programu ya bure inayoitwa Kolibri, ambayo masomo yake hupakiwa mara moja kwenye kompyuta moja ya shule, kisha wanafunzi wakayafungua kwa mtandao wa ndani hata kama intaneti haipo kijiji kizima. Vitabu vilivyo kwenye maktaba ya mtandaoni ya Taasisi ya Elimu Tanzania navyo vingeweza kuhifadhiwa shuleni hivyo hivyo, TET ikituruhusu. Chumba kimoja, kompyuta chache, betri ya sola, na mtu mmoja anayelipwa kukaa na wanafunzi kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja jioni, ili binti awahi nyumbani kabla ya giza. Huyo mtu ni muhimu kuliko kompyuta. Wahitimu wa ualimu wanaosubiri ajira wamejaa kila kata.

Kila somo la mtandao liambatane na karatasi iliyochapishwa, kama kile kijitabu cha 1973, na gharama ya kutoa kopi iingizwe kwenye fedha za uendeshaji za shule. Umeme ukikatika, karatasi inasomeka. Suala la simu mlitolee waraka mmoja unaoeleweka, ili mtoto asiadhibiwe asubuhi kwa kitu alichoagizwa akitumie jana jioni.

Na kwa mafunzo yetu walimu, msiiache MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, iwe ya kujaza mfumo tu. Pale jumuiya za kujifunza zinapokutana kweli, kwenye kituo cha walimu, mmoja analeta somo lililomshinda na wengine wanamsaidia, tunatoka tumeongezeka. Pale tunapoambiwa tusome moduli peke yetu kwenye kishikwambi ambacho betri yake imechoka, tunabonyeza tu tufike mwisho. Nimefanya hivyo mwenyewe, na sikujifunza kitu.

Yule binti nilikaa naye siku ile ile baada ya vipindi. Nikamwonyesha kwenye kishikwambi jinsi ya kusogeza ukurasa. Alivuta picha kuelekea kulia taratibu, majina yakatokea moja baada ya jingine, akayaandika kwa penseli ile ile. Ilichukua dakika saba. Sasa kila Alhamisi saa tisa na nusu nakaa darasani na vishikwambi vitano na wanafunzi wasio na simu nyumbani. Wiki ya kwanza walikuja kumi na wawili, sasa wanafika arobaini, na siwezi tena kuwahudumia peke yangu kwa muda huo.

Ratiba ya muhula wa pili hupangwa mwishoni mwa likizo ya Juni. Waraka wenu ukitufikia kabla ya hapo, mwalimu wa taaluma ameniahidi kwamba Alhamisi hiyo ataiandika kwenye ratiba kama kipindi, pamoja na jina la mwalimu wa pili wa kunisaidia.

Ndaga fijo, yaani asanteni sana, na kwa wenzetu wa Iringa na Njombe, kamwene.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Biolojia,
Shule ya sekondari ya kata, Rungwe, Mbeya.